Tusikimbilie Kusema Ajali Haina Kinga: Nasaha Kuhusu Breki za Gari Kuukuu



Leo hatutazungumza juu ya swala wala funga, ingawa jambo lenyewe haliko mbali na dini. Twataka kuzungumza juu ya kipande cha chuma kilichojificha nyuma ya rimu ya gari, ambacho siku moja kilikaribia kutuangamiza sisi na watu wa nyumbani kwetu. Twasimulia kwa haya kidogo, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Lakini mtu akificha kosa lake, na hali kulitaja kungemwokoa mwenziwe, huwa ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Tulikuwa tumetoka Kwale kwenye hitima ya jamaa yetu, tukirudi Mombasa alasiri. Gari letu ni dogo, la Kijapani, nalo ni la umri. Nyuma walikaa watoto watatu na shangazi yao. Mbele, ubavuni mwetu, alikaa ahli yetu. Aijuaye njia ya kutoka mjini Kwale kuteremka Kombani ajua jinsi inavyoshuka, na jinsi mguu usivyobanduka kwenye breki. Hatujafika katikati ya mteremko, ahli yetu akasema, "Maalim, gari lanuka. Kama mpira ulotiwa motoni." Tukamjibu kwamba ni lile lori lililo mbele yetu. Akanyamaza, lakini twajua alinyamaza kwa adabu, si kwa kuridhika. Tangu Jumanne alikuwa ametwambia kwamba rimu ya mbele ya kushoto ina vumbi jeusi kuliko wenzake, na kwamba usukani ukiachwa kidogo gari lavuta upande huo huo. Nasi tulimwahidi kwamba tutalitazama, Inshallah. Hiyo "Inshallah" yetu ilikuwa ya kuahirisha, haikuwa ya kuazimia.

Tulipokaribia chini ya mteremko, tulikanyaga breki na kikanyagio kikazama laini kama sifongo, karibu kiguse sakafu. Moyo ulituruka. Tukakanyaga tena na tena kwa haraka, kikapanda kidogo. Tukateremsha gia ili injini yenyewe ilizuie gari. Tukavuta breki ya mkono polepole. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hapakuwa na gari mbele yetu, na barabara ilikuwa imeanza kuwa tambarare. Tukasimama kando, moshi ukitoka kwenye gurudumu la kushoto. Mtoto mmoja akashuka mbio na chupa ya maji. Dereva wa lori, mzee wa makamo, aliyekuwa amesimama kutusaidia, akamzuia mkono: "Mwanangu, usimwage. Chuma kilichowaka kikipigwa na maji baridi hupasuka au hupinda." Tukasubiri pale hadi gurudumu likapoa, tukaswali Maghrib kando ya barabara, kisha gari likaja kuvutwa. Njia nzima hakuna aliyesema neno.

Ni nini kilichotokea ndani ya gurudumu

Magari mengi tuendeshayo yana breki za diski kwenye magurudumu ya mbele. Diski ni sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Juu yake hukaa kalipa, chombo kinachoikumbatia diski kama vidole viwili vinavyoshika ukingo wa sinia. Ndani ya kalipa mna pedi mbili, moja kila upande wa diski, na mna pistoni, yaani mchi mfupi wa chuma. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki husukumwa kwenye paipu, nayo kwa kuwa hayabanuki humsukuma huyo pistoni, pedi zikaibana diski, gari likapunguza mwendo.

Hekima kubwa iko katika kuachia. Pistoni huzungukwa na pete ya raba. Breki ikibana, raba hii hujikunja kidogo pamoja na pistoni. Mguu ukiondolewa, raba hujinyoosha na kumrudisha pistoni nyuma kwa kiasi kidogo mno, kinachotosha tu pedi isiendelee kuilemea diski. Kalipa lenyewe, katika magari mengi madogo, huteleza juu ya pini mbili zilizopakwa grisi na kuvikwa vifuko vya raba. Pini zikikauka, kalipa haliwezi kuteleza, na pedi moja hufanya kazi ya mbili. Kifuko cha pistoni kikichanika, maji na vumbi huingia, kutu likamshika pistoni, naye akibana haachii.

Hapo ndipo breki "hushika". Gurudumu huzunguka huku likibanwa, na kusuguana huko huzaa joto. Joto hufika kwenye mafuta ya breki, na mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka joto lifike nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Lakini yakishakunywa unyevu, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Ya DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa na unyevu. Mafuta yakichemka hutoa povu la mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanuka. Kwa hivyo mguu hukandamiza mvuke badala ya kusukuma pistoni, na kikanyagio huzama. Hivyo ndivyo ilivyotufika pale mteremkoni, na mafuta ya gari letu hatukuwa tumeyabadilisha tangu tulinunue.

Nasi watu wa pwani tuna mtihani wa ziada. Hewa yetu ina chumvi, nayo chumvi hukaribisha kutu. Juu ya hayo, magari yetu mengi huja yakiwa yamekwisha kutumika: kwa kawaida Kenya haikubali kuingizwa gari lililozidi miaka 8, lakini hata la miaka 7 limekwisha kuwa na raba za miaka 7, na sisi tukalitumia miaka mingine 10 na zaidi juu yake. Raba huzeeka kama wanadamu, ila yenyewe hailalamiki.

Dalili ambazo hazihitaji fundi

Twawasihi hasa akina mama na dada zetu, kwa kuwa wengi wao ndio wapelekao watoto shule na madrasa, wasidharau pua zao na macho yao. Dalili ni hizi. Harufu kali ya kuungua baada ya safari, hasa karibu na gurudumu moja. Gari kuvuta upande mmoja likiwa katika mwendo wa kawaida. Rimu moja kuwa na vumbi jeusi kuliko mwenziwe wa upande wa pili. Gari kuwa zito, kama mtu anayetembea huku amefungwa kamba mguuni, na petroli kwisha upesi. Likiwa mahali tambarare, ukiachia breki lisitambae kama lilivyozoea.

Ipo pia njia nyepesi ya kupima. Baada ya mwendo mfupi ambao hukukanyaga breki sana, simamisha gari mahali salama, kisha usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu mawili ya mbele yalinganishe wao kwa wao, na ya nyuma wao kwa wao. Likiwepo moja linalotoa joto kama la jiko na mwenziwe ni vuguvugu tu, hilo lina maradhi. Lisipelekwe safari, lipelekwe kwa fundi.

Na ikiwa gari huvuta upande mmoja pale tu unapokanyaga breki, huenda ugonjwa uko upande wa pili: kalipa la upande huo limekwama na halibani, basi lile zima likafanya kazi peke yake na kulivuta gari kwake. Mwambie fundi ni lini hasa gari huvuta. Maneno hayo mawili humpunguzia kazi ya saa nzima.

Kutengeneza au kubadilisha

Fundi wa kwanza tuliyempelekea hakulifungua kalipa. Alitazama, akatupa shauri la mkato: aizibe paipu ya breki ya gurudumu lile, libaki bila breki kabisa, "na matatu yaliyobaki yatakutosha." Lazima tukiri kwamba shauri lile lilitupendeza kwa dakika moja, kwa kuwa lilikuwa rahisi na ada za shule zilikuwa mlangoni. Kisha tukajiuliza: siku mtoto wa mtu atakapokatiza barabara mbele yetu, gari likakanyagwa breki na kugeukia upande mmoja, tutamwambia nini mama yake? Tukalitoa gari.

Fundi wa pili, mtu mzima aliyeishi na spana, alianza kwa kutafuta sababu kabla ya kutaja bei. Aliliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya vigingi imara, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari. Akajaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono, likakataa. Kisha akalegeza kidogo parafujo ya kutolea upepo iliyo juu ya kalipa. Akatueleza: "Gurudumu likiachia sasa, kalipa halina kosa, mafuta yamezuiliwa njiani, na mara nyingi ni paipu ya mpira iliyovimba ndani." Likiendelea kushika, kosa ni la kalipa lenyewe. La kwetu liliendelea kushika.

Akalifungua, akalining'iniza kwa waya, asiliache likaning'inia kwa paipu yake. Na hapa tukajifunza kwamba njia ni tatu, kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni kusafisha. Ikiwa pistoni hurudi bila taabu, na kilichokauka ni pini tu, basi pini hutolewa, husafishwa, hupakwa grisi maalumu ya breki, na vifuko vilivyochanika hubadilishwa. Grisi ya kawaida ya gereji isitumike hapo, wala mafuta ya injini, kwani huvimbisha raba na baada ya muda mfupi kalipa hushika tena.

Ya pili ni kulifungua kalipa na kutia raba mpya. Pistoni hutolewa, mara nyingi kwa upepo wa mashine, na ni lazima kipande cha ubao kiwekwe mbele yake na vidole vikae mbali, maana huruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Pistoni na nyumba yake husafishwa, raba mpya hulowanishwa kwa mafuta safi ya breki, kisha hurudishwa. Seti ya raba ni sehemu ndogo tu ya bei ya kalipa. Lakini njia hii yafaa tu ikiwa pistoni ni laini.

Ya tatu ni kubadilisha. Fundi alitutolea pistoni ya upande wa kushoto, tukaiona imechimbwa na kutu mashimo madogo madogo, mfano wa uso uliopata ndui. Pistoni kama hiyo, hata ikipigwa msasa ikang'aa, huikata raba mpya na kuvujisha mafuta. Nyumba yake nayo ilikuwa imeliwa. Akasema, "Hili Maalim, nikikutengenezea nitakuwa nimekula pesa zako bure." Akashauri kalipa jipya. La kulia alikuta pistoni yake ni nzima, ila pini zimeanza kukauka. Hilo akalitia raba mpya na grisi. Hivyo katika gari moja tulibadilisha moja na kutengeneza moja, na kila uamuzi ulikuwa na hoja yake.

Pedi zilibadilishwa pande zote mbili, hata zile za kulia ambazo hazikuwa zimekwisha, kwa kuwa breki za ekseli moja zinapaswa kushika sawasawa. Diski ilipimwa unene. Mara nyingi kiwango cha mwisho huwa kimechongwa juu ya diski yenyewe, na ikishuka chini ya hapo hubadilishwa hata kama kwa macho yaonekana njema. Mafuta ya breki yakatolewa yote, yakatiwa mapya kutoka kopo lililofunguliwa mbele yetu. Kisha upepo ukatolewa, gurudumu baada ya gurudumu.

Wenye kununua kalipa lililotumika waangalie mambo mawili. Kwanza, pistoni isogezwe mbele ionekane. Vifuko vizuri kwa nje si ushahidi. Pili, la kushoto lisifungwe kulia. Kuna magari ambayo makalipa hayo huingiana, lakini parafujo ya kutolea upepo huangukia chini badala ya juu, na upepo haupatikani kutoka hata mkikanyaga mpaka alfajiri.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Wengi wa mama zetu hulalamika kwamba gerejini hudanganywa. Si lazima ujue ufundi ili usidanganywe. Yatosha kujua la kuuliza. Omba uonyeshwe kifaa cha zamani na kasoro yake. Uliza upande wa pili umetazamwa. Ona kopo la mafuta kama lilikuwa limefungwa, na kama daraja lake ni lile lililoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki ya gari lako. Omba gurudumu lizungushwe kwa mkono mbele yako likiwa bado juu. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kikanyagio kikanyagwe mara kadhaa mpaka kiwe kigumu, kwani baada ya kazi hiyo pistoni huwa mbali na pedi, na mkanyago wa kwanza huzama. Kisha mwende mwendo mfupi wa polepole, mrudi, mpime tena joto la magurudumu.

Kuna nyumba nyingi kwetu ambazo baba yuko Ghuba kikazi na gari limeachwa uani kwa miezi. Gari lisilotembea pia hupata maradhi haya: diski hushika kutu, pedi zikagandamana nayo, pistoni ikakauka mahali pake. Liendeshwe angalau mara moja kwa wiki, na breki zikanyagwe kwa upole mahali salama. Na likiwa limekaa sana, lisichukuliwe moja kwa moja kwenda arusini Malindi.

Amana iliyo chini ya rimu

Kabla ya kulitengeneza, sahibu yetu mmoja alitushauri tuliuze lilivyo. "Lioshe, lipoe, mnunuzi alizungushe mtaa mmoja tu. Hatajua." Nasi papo hapo tulikumbuka kisa kilichopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikagusa umajimaji chini. Muuzaji akaeleza kwamba mvua iliinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke juu watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Ile ilikuwa nafaka, na hasara yake ni ya tumbo na mfuko. Breki mbovu iliyofichwa hasara yake ni roho. Mwenye kuuza gari lenye kasoro na aseme; bei itapungua, lakini baraka itabaki.

Gharama ya kulitengeneza hatukuwa nayo yote. Ahli yetu alitukopesha fedha za mchezo wake na wanawake wenziwe. Ni mali yake mwenyewe kisheria, kwa hivyo tuliliandika deni na tukalilipa. Alipotupa fedha hizo hakutukumbusha ile Jumanne. Tulijikumbusha wenyewe.

Kwetu husemwa ajali haina kinga, na maneno haya yana mahali pake: liko ambalo mja halioni wala hawezi kulizuia, na hapo hatuna ila kusalimu amri. Lakini gurudumu lililotoa vumbi, likanuka, likavuta usukani siku nne mfululizo, halikuja kwa ghafla. Lilibisha hodi, nasi hatukufungua. Kuliita jambo kama hilo kadari pekee ni kumtwika Mola uzembe wetu. Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas bin Malik kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Breki ndiyo kamba ya ngamia wetu wa leo. Dua ya safari twaisoma, na tusiache kuisoma. Lakini aisome mtu ambaye amekwisha kulitazama gurudumu.

Jioni ya leo, kabla ya kuingia ndani, tuzunguke gari mara moja tulitazame. Na mtu wa nyumbani akisema, "Gari lanuka," tusimtafutie lori la mbele.

Wabillahi tawfiq.